Tahadhari Isiyo na Mwenyewe

Makala haya yahusu neno moja, nalo ni tahadhari. Sikulichagua kwa ugumu wake. Hakuna mtoto wa shule ambaye hajaliona limeandikwa juu ya kibao. Nimelichagua kwa kuwa limekuwa jepesi mno vinywani, na neno likiwa jepesi namna hiyo yapasa mtu aulize limetua mzigo gani njiani. Zamani tahadhari lilikuwa jina la hali imwingiayo mtu kidogo kidogo hata ikambadili mwendo wake: atazama zaidi, asema kwa kupima, aweka mkono juu ya kibindo chake. Leo, katika maandishi mengi na katika hotuba za wakubwa, ni jina la kitu kitolewacho na ofisi na kupokewa na raia, mfano wa risiti. Nitajaribu kuonyesha jinsi uhamisho huo ulivyotokea, kwa nini sarufi yetu yenyewe iliufungulia mlango, na kwa nini naona kuwa ni hasara.

Mifano yangu mingi yatoka Tunduma na sehemu nyingine za Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Tunduma ni mji wa mpakani, na watu wake wana haja ya tahadhari mchana na usiku. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Hapo hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lusaka, na hapo hupita reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Malori husimama kwa foleni ndefu, fedha za nchi mbili hubadilishwa mkono kwa mkono, na mgeni asiyejua bei ya kwacha ya asubuhi ile huweza kurudi kwao amepunjwa. Tangu tarehe 5 Oktoba 2019, kilipofunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha, msafiri hukaguliwa upande mmoja tu. Walakini macho ya watu hayakupumzika kwa hilo.

Sababu ya pili ni lugha. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, Wanyiha wako Mbozi, Wandali na Walambya wako Ileje, na wengi wao walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Mtu wa namna hiyo hulipokea neno kama alivyolikuta likitumika. Hana bibi wa pwani wa kumnong'oneza maana yake ya kale. Basi neno likipungua maana, yeye ndiye wa kwanza kupata hasara.

Asili ya neno ni Kiarabu, katika mzizi wa herufi tatu: haa, dhali na raa. Humo tulipata hadhari na tahadhari, nasi wenyewe tukaongeza tahadharisha. Mwanafunzi asidanganywe na sura: hadhara, yaani mbele ya watu, na hadhi, yaani cheo cha mtu machoni pa wenziwe, si ndugu za hadhari hata kidogo. Katika Kiarabu kila moja laandikwa kwa herufi yake, dhali, dhadi na dhaa, nasi tulizikusanya zote tatu katika dh moja. Watu wengi wa bara huendelea mbele zaidi na kutamka tahazari. Hilo silihesabu kuwa ila kubwa. Asemaye tahazari na hali ajua anachokihofu ni bora kuliko atamkaye dh safi bila kujua lolote.

Sasa tuingie katika sarufi, maana ndiko kwenye siri ya jambo hili. Vitenzi vyetu vya Kibantu vina alama mwishoni. Angalia ni kitenzi. Ukiwaambia wengi wasema angalieni. Ukitaka jina wabadili umbo na kusema uangalifu au angalizo. Sikio halikosi kujua kama limeamrishwa au limetajiwa kitu. Tahadhari halina alama hiyo. Kitenzi ni tahadhari, amri kwa mtu mmoja ni tahadhari, na jina nalo ni tahadhari. Ni amri ya wengi tu, tahadharini, ilitoayo neno mafichoni, nayo ndiyo isiyoandikwa katika vibao. Kibao cha barabarani kikisema TAHADHARI, chaweza kuwa chatuamrisha, na chaweza kuwa chataja jina la kitu tu, kama wenye maduka waandikavyo SUKARI.

Hata methali yetu maarufu, Tahadhari kabla ya hatari, yasomeka kwa njia zote mbili. Wazee waliifundisha kama amri: wewe, tahadhari sasa, kwa kuwa hatari haijafika. Vijana wengi niliowauliza darasani huisoma kama mpango wa vitu viwili, kimoja kimetangulia na kingine kinafuata, wala hawajioni wenyewe wamo. Siwalaumu; umbo la neno lawaruhusu. Lakini tazama ni nani aliyetoka mlangoni hapo. Kitenzi hakiwezi kusimama bila mtendaji: nilitahadhari, walitahadhari, atatahadhari, daima yuko mtu. Jina laweza kusimama peke yake, na linaposimama peke yake halimdai mtu yeyote kitu.

Wako wasemao kwamba kosa lote limo katika msemo kuchukua tahadhari, na kwamba msemo huo ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Sikubaliani nao, ijapokuwa nawaelewa. Qurani, katika aya ya 71 ya Surat an-Nisaa, yawaamuru waumini wachukue hadhari, kwa kitenzi kile kile cha kuchukua. Basi msemo huo ulikuwako katika kitabu kilichosomwa pwani yetu karne nyingi kabla Kiingereza hakijafika. Tofauti iko katika neno dogo ambalo wakosoaji hawalitazami. Katika aya ile hadhari imefungamanishwa na wenyewe. Ni hadhari yao. Kila mmoja aambiwa achukue iliyo yake, ambayo imekwisha kuwako kwake, kama mtu anyanyuavyo fimbo yake iliyoegemea ukutani. Msemo wa leo umeshika kitenzi na kuacha kimilikishi. Chukua tahadhari: ipi, ya nani, nayo imewekwa wapi?

Washairi wetu wa kale walilijua jambo hili bila ya kufundishwa sarufi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hakuupigia umati mbiu. Aliusemesha moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akauacha uingiwe na hofu kwa kadiri ya ulivyoona. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake wa mawaidha yapata mwaka 1858, alimkusudia binti yake. Sisi sote tumeusoma baadaye, na tumefaidika kwa kuwa ulikuwa na mwenyewe kwanza. Katika tungo zote mbili onyo lina anwani.

Mwaka 2020 ulilikamilisha lililokuwa limeanza. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mgonjwa wa kwanza wa Tanzania akitangazwa tarehe 16 Machi, chukua tahadhari likawa neno la kila redio na kila mlango wa duka. Mwezi wa Mei Zambia iliufunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku chache, baada ya wagonjwa wengi kuonekana hapo, na watu wa Tunduma wakaona malori yamelala na biashara imelala pamoja nayo. Ukiyachunguza matangazo ya miezi ile utaona tahadhari imepata wingi na hesabu: tahadhari zote, tahadhari hizi, tahadhari tatu. Kunawa mikono ni tahadhari moja, barakoa ni ya pili, kukaa mbali mbali ni ya tatu. Zamani usingeweza kuhesabu tahadhari kama usivyoweza kuhesabu subira. Nilisimuliwa habari ya dereva mmoja aliyemwambia mwenzake, walipokuwa wakikaribia lango, "Kaka, ngoja, tahadhari yangu nimeisahau kwenye gari." Alikusudia barakoa. Waliokuwapo walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Walakini mtu yule alikuwa amekielewa Kiswahili cha matangazo barabara. Kitu kihesabikacho huvaliwa na huvuliwa, na chaweza kusahauliwa kwenye gari.

Mfano mkubwa kuliko huo ni wa hali ya hewa, na hapa nataka kusema kwa haki, kwa kuwa waliofanya kazi hii walijaribu jambo ambalo sisi wanalugha hatukulijaribu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huyapanga matangazo yake ya hali mbaya ya hewa kwa daraja: kwanza angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Siku isiyo na tishio huandikiwa hakuna tahadhari. Wazo lenyewe ni la busara. Waandishi wa matangazo haya walitambua kwamba uangalifu hauji mara moja kama radi. Hupanda, na yapasa lugha iwe na vidato vya kupandia.

Kidato cha kwanza kimechongwa vema. Angalizo latokana na kuangaliza, yaani kumfanya mtu atazame. Halimtishi, halimtumi mahali, lamgeuza shingo tu. Kwa daraja ya kwanza sijui neno ambalo lingefaa zaidi. Shaka yangu yaanza katika kidato cha tatu. Hapo neno jipya halikupatikana, basi la pili likapewa sifa. Tahadhari kubwa: kilicho kikubwa ni nini? Ni mvua, ni hatari, au ni uangalifu utakiwao kwangu? Mtaalamu ajua, msikiaji lazima akisie. Lakini neno linifikirishalo zaidi ni lile la siku njema. Songwe ni katika mikoa ya msimu mmoja wa mvua, uanzao mwezi wa Novemba na kuishia karibu na Aprili, na mkulima wa Momba au Ileje hulisubiri tangazo kwa hamu. Aambiwapo hakuna tahadhari, naye akayapima maneno kwa Kiswahili cha kale, ameambiwa kwamba nchi nzima hayupo mtu ajihadhariye. Akisoma kwa namna nyingine, ameambiwa kwamba yeye asiwe na uangalifu siku hiyo. Mamlaka haikusema lolote katika hayo mawili. Ilikusudia kusema, leo hatukutoa onyo. Maneno mawili hayo, hakuna tahadhari, yaonyesha kuliko hoja zangu zote kwamba neno limetoka kifuani mwa mtu na kuhamia katika jalada.

Mtu ataniuliza, kwa nini basi wasingesema onyo? Swali ni jema, na jibu lake lina historia. Onyo ni jina la kitenzi onya, nacho ni kuona kulikotiwa nguvu ya kusababisha: kumfanya mtu aone. Hakuna neno lililostahili kazi hii kuliko hilo. Kwa bahati mbaya onyo lilikwisha kuajiriwa kwingine. Mfanyakazi aliyechelewa mara tatu hupewa barua ya onyo. Mchezaji aliyemkanyaga mwenziwe huonywa na mwamuzi. Neno limeanza kunuka adhabu, na ofisi isiyotaka kuonekana yakaripia raia wake imelikwepa. Ilani nayo, ambayo hapo kale ilikuwa ni tangazo la kuwajulisha watu jambo, imechukuliwa na vyama vya siasa, na asikiaye ilani leo hutazamia kuombwa kura. Basi tahadhari lilitwaliwa kujaza pengo lililoachwa na maneno mawili yaliyohama. Sisemi kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Nyumba ikiwa na vyumba vitupu, jirani huhamia.

Hasara iko wapi? Iko katika vitenzi ambavyo neno limeanza kuandamana navyo. Tahadhari ya siku hizi hutolewa, husambazwa, hupuuzwa. Ajali ikitokea, au maji yakibomoa nyumba, sentensi ya kwanza isikikayo ni hii: tahadhari ilitolewa mapema. Chunguza sarufi yake. Mtoaji hatajwi, mpokeaji hatajwi, na tahadhari imekwisha toka kwa wa kwanza bila ya kuthibitishwa kwamba imefika kwa wa pili. Iko njiani milele. Neno lililokuwa likieleza moyo wa mtu aliyeko hatarini sasa laeleza usalama wa mtu asiyekuwapo.

Nchi ya Songwe yajua gharama ya jambo hili. Mto Songwe utiririkao kwenda Ziwa Nyasa, ambao ni mpaka wetu na Malawi, una tabia ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko huko chini katika tambarare za Kyela na Karonga. Shamba lililolala upande huu huamka upande wa pili, na serikali mbili zimelazimika kushirikiana katika mpango wa kuzituliza kingo zake. (Uko na mto mwingine wa jina hilo hilo, unaokwenda Ziwa Rukwa, wageni huichanganya.) Watu waishio kando ya mto wa namna hiyo hawana haja ya jina la kitu kilichotolewa. Wana haja ya neno la kumwambia kila mmoja ni kiasi gani aanze kuogopa, na tangu lini.

Naam, neno hilo wanalo. Wanayo hata zaidi ya moja, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu ninaloliona katika mazungumzo ya soko lanipa moyo kuliko ninaloliona katika vibao. Siku moja pale Tunduma nilimsikia mama mmoja, muuza maharage, akimweleza binti yake kwa nini hakubadilisha fedha zake kwa kijana fulani. Alisema: "Mwanangu, aliponiita dada, machale yakanicheza. Aliponitajia bei nzuri kuliko wenzake wote, nikashtuka. Nikasema hapa nijihadhari. Nikafunga kibindo changu nikaondoka."

Katika maneno hayo machache mna ngazi kamili ya tahadhari ikuayo, wala neno tahadhari lenyewe halimo. Msomaji na aitazame sarufi yake kwa utulivu. Kidato cha kwanza: machale yakanicheza. Mtendaji ni machale. Mama ni mtendwa, amekaa katikati ya kitenzi kama kiambishi -ni-. Uangalifu wamjia kutoka asikokujua; hajautaka, hajaujua sababu yake, huenda ni kule kuitwa dada na kijana awezaye kuwa mjukuu wake. Kidato cha pili: nikashtuka. Sasa mama ni mtendaji, lakini kitenzi hakina mtendwa. Ni mwili wake umeruka, na akili imeamka pamoja nao. Kidato cha tatu: nijihadhari. Hapa kuna ni- na kuna -ji-. Mama ni mtenda na ndiye mtendwa, amejishika mwenyewe. Tahadhari imekua, na kwa kila kidato imezidi kuwa mali yake. Sijaona katika kitabu chochote cha sarufi mfano bora kuliko huu wa kazi ya kiambishi -ji-, na aliyenipa hakuwa na habari kwamba afundisha.

Wapo watakaosema kwamba kushtuka kwa maana hii ni lugha ya vijana wa stendi, wanaopigiana kelele "Shtuka!" wakimaanisha fumbua macho, au wasemao juu ya hila iliyozoeleka kwamba watu wameshashtuka. Sivyo. Methali ya wazee, Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ina maana hiyo hiyo: kuruka kwa mwili kulikofunzwa na maumivu yaliyopita. Vijana wameirithi, wakaifupisha. Kuwa macho na kukaa chonjo ni maneno mazuri pia, walakini hayo yataja hali ya mtu aliyekwisha fika; hayasimulii safari.

Liko neno jingine la safari hii, nalo lina huzuni ya kusahauliwa. Ni chelea. Mzizi wake ni kitenzi cha kale cha silabi moja, cha, yaani kuogopa kwa heshima, ambacho kimebaki katika mcha Mungu, katika uchaji na katika kicho. Kwa kuongezwa umbo la kutendea, chelea lawa ni kuogopa kwa ajili ya jambo: twachelea mvua isije ikatukuta njiani. Ni uangalifu wenye kutazama mbele, nao una adabu ndani yake. Yasimuliwa kwamba wenyeji wa Mbozi walilijua jiwe la Kimondo, lile pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, likadiriwalo kuwa na uzito wa tani 16, tangu zamani kabla ya kujulikana kwa wageni mwaka 1930, na kwamba hawakupenda kulitaja. Kunyamaza kule hakukuandikwa juu ya kibao chochote. Kama ningetakiwa kutoa neno moja la Kiswahili la kukueleza, ningesema walilichelea. Tahadhari lisingefika huko.

Chelea lina adui wawili. Wa kwanza ni pacha wake wa sauti. Iko cha nyingine, ile ya kucha kwa asubuhi, iliyotupa kuchelewa, yaani kukutwa na kucha, na kwa hivyo kukawia. Wanafunzi wengi huyachanganya maneno haya, wakadhani mwenye kuchelea ni mwenye kukawia. Adui wa pili ni ufasaha wa uongo wa majukwaani. Nimesikia mara nyingi mtu msomi akisimama na kusema, "Nachelea kusema kwamba huu ni ushindi mkubwa," hali yuko tayari kabisa kusema, na amesema, na yuapigiwa makofi. Alitaka kunena sichelei kusema. Amelichukua neno la kusitasita akalifanya tarumbeta. Kosa hili laniudhi kuliko kosa la tahadhari, maana tahadhari limehama kwa sababu ya haja, na chelea lapotoshwa kwa sababu ya mapambo.

Sharti niseme pia kwamba lugha yetu haikuusifu uangalifu bila mpaka. Methali isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye, yatuonya kwamba yuko mtu ambaye kuchelea kwake kumepita kiasi hata kukamrudia. Waswahili waliona mbali hapo. Tahadhari ya ofisini haiwezi kupita kiasi. Kadiri iandikwavyo zaidi ndivyo mwandishi wake azidivyo kuwa salama. Tahadhari ya mtu huweza kupita kiasi, kwa kuwa yeye ndiye atakayelia. Hilo nalo ni alama ya kitu chenye mwenyewe.

Sidai kwamba neno lirudishwe lilikotoka kwa amri. Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi nyingi za kufanya kuliko kuzuia maji kushuka mlima. Ofisi zikitaka kubaki na jina tahadhari, na wabaki nalo katika majalada na katika orodha zao. Ninaloomba ni dogo: wakati wa kumsemesha mtu, litumike neno lenye mtu ndani yake. Kibao kisemacho Jihadhari na mteremko hakichukui rangi nyingi zaidi ya kile kisemacho Tahadhari: mteremko, na tangazo liwezalo kusema tahadhari kubwa ya mvua laweza kuongeza mstari wa pili usemao, jihadharini mlioko bondeni. Juu ya hakuna tahadhari, naona hapana tishio lingetosha, ingawa wataalamu wa anga huenda wakawa na sababu yao ya kulikataa, nami ningefurahi kuisikia.

Ningependa pia wanafunzi wetu watokao Momba, Mbozi na Ileje watusaidie kwa jaribio moja. Wachukue kibao kimoja cha Tunduma chenye neno TAHADHARI peke yake, wakifasiri kwa Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali kama watakavyomwambia bibi yao asiyejua Kiswahili, kisha watuandikie wamechagua jina au kitenzi. Na kama ni kitenzi, wametia kiambishi cha nani.